Mwandishi wa miongozo ya wapiga mbizi: laki mbili na themanini, na bado namdai mchoro mmoja

Watu watatu wameniuliza, wote wenye kampuni ndogo kama yetu, iwapo yule jamaa anayeandika vitabu vya usalama vya wapiga mbizi anafaa ama ni mla pesa tu. Nimechoka kurudia maneno kwenye simu, kwa hivyo naandika mara moja. Jina lake silitaji kwa sababu hajaniruhusu, na pia kwa sababu nina lawama zangu. Anayemtaka ataniuliza pembeni.

Mimi mwenyewe sipigi mbizi. Maji yakinifika kiunoni nageuza. Baba yetu alikuwa mpiga mbizi, kaka yangu ni mpiga mbizi, mimi ndiye ninayeshika ofisi: chumba kimoja pale Liwatoni, Mombasa, feni inayolia, na kabati la risiti. Kazi zetu ni kusugua meli chini ya maji, kung'arisha propela, kukagua nguzo za gati, na kukata nyavu zilizojisokota mahali zisipotakiwa. Miaka yote hiyo kitabu chetu cha usalama kilikuwa kichwa cha kaka yangu. Ukitaka kujua utaratibu, unamuuliza. Akiwa chini ya maji, unangoja atoke.

Halafu tukataka kazi kubwa, ya gati la mafuta, na mteja akasema hatazami bei yetu mpaka aone manyuali ya kupiga mbizi, tathmini ya hatari na mpango wa dharura. Nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wenu mmelifanya. Nilinunua manyuali tayari kwa barua pepe, shilingi elfu arobaini na tano, kurasa 212, imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba imepitishwa na IMCA. Nembo yetu imebandikwa kila ukurasa. Nilifurahi kama niliyenunua gari.

Mkaguzi wa mteja alikuwa mama mmoja mpole, sauti ya chini, miwani imening'inia kifuani. Alifungua katikati akasoma kimya. Kisha akaniuliza, "Dada, hii helikopta ya Aberdeen mtaiita kwa nambari gani?" Nikadhani anatania. Akanigeuzia kitabu. Kweli, mpango wetu wa dharura ulikuwa unampeleka mgonjwa wetu Scotland. Kurasa chache mbele tukaagizwa kupima joto la maji moto yanayopita kwenye suti ya mpiga mbizi asije akaganda kwa baridi. Bahari ya Kilindini, jamani, ambayo Februari ukiingia unaona afadhali ungebaki kwenye kivuli!

Hayo ya kuchekesha. La tatu halikuchekesha. Jedwali la muda wa kukaa chini lilikuwa limechapwa upya kwa mkono, na kwenye mita 18, mahali palipotakiwa kuwa dakika 60, paliandikwa 600. Sifuri moja tu. Mama yule aliigonga kwa kalamu, akafunga kitabu, akaomba maji ya kunywa. Na ile ya kupitishwa na IMCA akanieleza taratibu kwamba IMCA ni chama cha makampuni ya kazi za baharini, makao yake London. Kinatoa miongozo, lakini hakigongi muhuri vitabu vya watu. Tenda tukaikosa, na haki yake.

Huyu ninayemzungumzia leo nilipewa na nahodha wa tagi, zile boti za kuvuta meli. Alikuwa supavaiza wa mbizi huko Ghuba miaka mingi, magoti yakachoka, akarudi Mtwapa. Alikuja ofisini na begi la mgongoni, nikamwekea chai, nikampa ule uchafu wa kurasa 212 nikidhani ataurekebisha. Hakuufungua. Akasema, "Nionyeshe kompresa."

Tukashuka hadi kwenye boti. Akazunguka ile kompresa, mashine inayompelekea mpiga mbizi hewa ya kupumua, akalowesha kidole, akakiinua juu. Upepo ulikuwa wa kusi. Bomba la kuvutia hewa lilikuwa limeelekezwa palepale moshi wa injini ya boti unapokwenda. Kaka akaanza kueleza kwamba siku nyingi huwa si hivyo. Mgeni akamkatiza kwa adabu: "Kaka, sijaja kukulaumu, nataka kujua tu nani hulitazama hili bomba kabla kazi haijaanza." Kimya. Hakuna aliyekuwa na kazi hiyo. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na hicho ndicho kilichokuwa kifungu cha kwanza cha kitabu chetu.

Siku ya pili akafanya jambo ambalo kwangu mimi lilitosha nusu ya malipo yake. Aliwaita vijana wanne, akawatenganisha kama watoto wa mtihani, akampa kila mmoja karatasi na swali moja: mpiga mbizi akivuta kamba mara tatu, anataka nini? Kaka yangu na kijana aliyefundishwa naye waliandika, "Nitoeni haraka." Hivyo ndivyo baba alivyotufundisha. Kijana mwingine, aliyesomea kwingine, aliandika, "Kaza kamba, imelegea," na hiyo ndiyo maana yake kwenye ishara za jeshi la majini la Marekani, ambazo shule nyingi hufundisha. Kwao "nitoe" ni mara nne. Wa mwisho aliandika, "Sina hakika, huwa natazama uso wa supavaiza."

Watu hao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne. Simu ya helmeti ikikatika, na hukatika, kilichobaki ni kamba hiyo. Kaka hakusema neno mchana kutwa. Jioni akaniambia kwenye gari, "Ishara za mzee tutaziacha." Najua ilivyomuuma.

Kitabu chenyewe sasa. Kurasa 118, yaani karibu nusu ya kile cha Aberdeen. Kimeanza na nani ni nani. Kwa kazi ya hewa kutoka juu, yaani inayomfikia mpiga mbizi kwa hozi, miongozo ya IMCA inataka watu wasiopungua watano: supavaiza, mpiga mbizi, stendibai, yaani mpiga mbizi anayengoja tayari kumwokoa mwenzake, na mshika hozi wa kila mmoja wa hao wapiga mbizi wawili. Sisi tulikuwa wanne na tulijiona wengi. Mitungi ya mgongoni nayo, ambayo ndiyo ilikuwa desturi yetu kwa kazi za haraka, miongozo hiyo haiitaki kwa kazi za namna hiyo. Kwa hiyo jueni mapema: bei ya kitabu ni moja, bei ya kukifuata ni nyingine. Nimeajiri mtu wa tano, nimenunua helmeti ya pili iliyotumika, na mwezi huo mshahara wangu mwenyewe niliuona kwa mbali.

Sehemu iliyonikaa ni ile ya kufungia mitambo ya meli. Kabla mtu hajagusa maji, injinia mkuu wa meli anatia saini fomu ya ukurasa mmoja: propela, usukani, thrasta ya mbele (propela ndogo ya kusukuma meli kwa ubavu), pampu zote zinazonyonya maji ya bahari upande ule, na umeme wa kuzuia kutu. Kila swichi inafungwa kwa kufuli letu, siyo lao, na ufunguo unakaa mfukoni mwa supavaiza wetu. Zamu ya meli ikibadilika, fomu inasainiwa upya. Kaka alilalamika kwamba mainjinia watatuona wasumbufu. Yupo aliyetuona hivyo, na alitia saini.

Kuhusu mtu kunyonywa na maji yanayokimbilia kwenye tundu, jamaa hakuanza na kanuni. Alikata shimo kwenye boksi la katoni, sentimita 20 kwa 20, akaniuliza mimi mwenye kikokotoo: kina ni mita tano, upande wa pili hamna maji, mkono wangu ukiziba shimo unashikwa na uzito gani? Mita kumi za maji ni kama kilo moja kwa kila sentimita mraba, kwa hivyo mita tano ni nusu kilo, mara 400. Kilo 200. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Ndipo akatusimulia Trinidad, tarehe 25 Februari 2022, wapiga mbizi watano wakitengeneza bomba la mafuta la inchi 30, maji yakawafyonza wote ndani ya bomba. Akatoka mmoja tu akiwa hai. Tume iliyochunguza ilieleza kwamba bomba lilikuwa limetolewa kilichokuwemo na hatari ya tofauti ya shinikizo ikawa imejificha humo, inangoja plagi iondolewe. Baada ya hapo hakuna aliyelalamikia fomu.

Kitu kingine kidogo lakini kizuri: hozi. Tulikuwa tunamwachia mtu hozi kwa kadiri anavyoomba. Sasa kitabu kinataka ipimwe kila kazi. Mfano ulioko ndani ni wa kwetu halisi, si wa kubuni: kutoka ngazi ya boti hadi propela ya meli ile kulikuwa mita 34. Kazi ilikuwa ubavuni, propela haikutuhusu. Basi hozi ya mpiga mbizi inafungwa kwenye mita 29, ili ikosekane mita tano kabla ya hatari hata akipotea njia gizani. Ya stendibai inafungwa kwenye 31, mita mbili zaidi, aweze kumfikia mwenzake na bado asiifikie propela. Tumezitia tepu za rangi. Hata mimi nikisimama gatini naweza kusoma mtu yuko wapi.

Na maji yetu yamo. Sikutarajia. Kuna ukurasa mzima wa bamvua na maji mafu, kwamba siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita tatu, kwamba mkondo wa Likoni siku hizo si wa kujaribiwa, na kwamba kazi ya karibu na mlango wa bandari huingiwa maji yanaposimama tu, supavaiza akiwa na jedwali la maji mkononi. Kuna kusi na kaskazi. Alimuuliza kaka yangu siku nzima juu ya hayo na akaandika kwa maneno ya kaka. Ndipo nikamwona kaka analegea. Mpaka hapo alikuwa anamtazama mgeni kama mtu aliyekuja kupima nyumba yake ili auze.

Kikomo cha kina nacho kilileta ubishi. Mnakumbuka gari lililoteleza kwenye feri ya Likoni Septemba 2019, mama na mwanawe ndani, likapatikana siku ya 13, mita 58 chini. Siku zile watu walikuwa wanamsimamisha kaka barabarani: wewe si mpiga mbizi, mbona huendi? Jibu alikuwa nalo moyoni lakini hakuwa na karatasi ya kulionyesha. Sasa analo: kwa hewa ya kawaida miongozo ya kimataifa huishia mita 50, na kampuni yetu, kwa kuwa hatuna botini chemba ya shinikizo, ya kumtibu mpiga mbizi aliyedhurika na shinikizo la maji, inaishia mita 20. Kaka alitaka thelathini. Jamaa akamwuliza mara ya mwisho alikwenda thelathini lini kwa kazi ya kulipwa. Hakukumbuka.

Ile ya majedwali ameimaliza vizuri sana. Hakuchapa upya hata tarakimu moja. Kitabu kinasema tunafuata majedwali ya manyuali ya kupiga mbizi ya jeshi la majini la Marekani, toleo la saba, la mwaka 2016, ambayo yanapatikana bure, na nakala yake iliyochapwa inakaa botini. Baada ya yale ya dakika 600, nililipenda hilo.

Na simu. Saa nane usiku, kwa idhini yangu lakini bila kuwaambia vijana, alipiga kila nambari iliyokuwa kwenye ubao wetu wa dharura. Moja haikupatikana. Moja ilipokewa na mzee aliyestaafu zamani, sasa anafuga kuku Kilifi, ambaye aliamka kwa heshima zote akauliza kama kuna mgonjwa. Moja tu ndiyo iliyokuwa sawa. Ukurasa wa nambari sasa una tarehe ya kujaribiwa, na mimi ndiye mwenye kuzijaribu kila mwezi. Naipenda kazi hiyo kuliko hesabu za kodi.

Sasa lawama.

Alisema wiki sita. Zilikuwa kumi na tatu. Katikati alikwenda Doha kwa kazi ya siku kumi akakaa mwezi, simu inaita tu. Mimi huku nimeshamwahidi mteja tarehe. Mtu wa umri ule na uzoefu ule hafai kumfanya mwanamke apige simu mara kumi na nne kwa siku moja kama anayedai mume.

Pili, Kiswahili. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza kwa sababu mkaguzi wa mteja anasoma Kiingereza, sina neno. Lakini tulikubaliana atoe kadi za plastiki za Kiswahili za kukaa botini, kwa ajili ya vijana. Zikaja, na ile hozi ya hewa, ambayo kwa Kiingereza huitwa umbilical kama ule uzi wa kitovu cha mtoto, imeitwa kiungamwana. Kiungamwana! Kijana wetu mdogo alisoma kwa sauti, "Hakikisha kiungamwana cha mpiga mbizi hakijajipinda," akauliza nani amejifungua. Stendibai ameitwa mzamiaji wa akiba, kama gurudumu la gari. Mshika hozi, ambaye gatini kila mtu humwita tenda, ameandikwa mhudumu, utadhani analeta soda. Nadhani alimpa mtu wa kamusi atafsiri. Tulikaa Jumamosi moja na vijana, mishikaki katikati ya meza, tukaziandika upya kwa maneno tunayoyasema: hozi, stendibai, tenda, helmeti, kompresa. Nilitaka anipunguzie elfu kumi kwa hilo. Alipunguza tano.

Tatu, bado kuna mabaki. Kurasa kumi na tano za kuendesha chemba ya shinikizo, nasi chemba hatuna. Nilipomuuliza akasema tutakuja kununua. Kwa pesa gani, hakusema. Nimezitoa.

Nne, na hili liangalieni nyie mnaofikiria kumwita: mwanzo alinipa PDF peke yake, na kwa mabadiliko ya kila mwaka anataka elfu arobaini. Kubadilisha nambari ya simu nilipe elfu arobaini? Tulivutana wiki nzima mpaka akatoa faili ninaloweza kulihariri mwenyewe. Dai hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa shilingi ya kwanza, na awamu ya mwisho ya malipo usiitoe mpaka faili liko kwenye kompyuta yako na umelifungua.

Malipo yalikuwa 280,000 kwa awamu tatu. Ni nyingi. Kwa kampuni yenye boti moja ni nyingi sana. Mwenzangu mmoja wa Dar aliniambia kwao angeandika mwenyewe akichungulia vitabu vya wenzake, na nadhani mtu makini mwenye miezi sita ya nafasi anaweza. Sheria ya Marekani ya kupiga mbizi kibiashara ya 1977 inataka mwajiri awe na kitabu cha taratibu salama na kiwepo palepale pa kazi, na ukiisoma, yale inayotaka yawemo si mengi: taratibu na orodha za ukaguzi, kazi ya kila mtu, vifaa, na la kufanya moto ukizuka, kifaa kikiharibika, hali ya bahari ikichafuka, mtu akiumia. Hata sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri apime hatari. Siyo siri za serikali. Lakini yale ya karatasi nne za vijana usingeyaona ukiwa umekaa mezani na kitabu cha mwenzio, na sisi tungeendelea na ishara tatu ndani ya boti moja.

Mkaguzi alirudi. Mama yuleyule, miwani ileile. Alikaa siku mbili. Kitabu alikigusa kidogo sana. Zaidi alikuwa gatini, na alimwendea yule kijana mdogo akamuuliza, supavaiza akizimia sasa hivi, nani anachukua? Kijana akajibu bila kuangalia uso wa mtu. Hozi ya stendibai kwa nini ni ndefu kuliko ya mwenzake? Akajibu. Alituandikia kasoro saba. Tatu zilikuwa za cheti cha kupima hewa ya kompresa ambacho kilikuwa kimekwisha muda, na hilo ni langu, si la mwandishi. Mbili za vizima moto. Moja ya mwanga kwenye ngazi. Kazi tukapata, siyo yote, kipande cha kukagua nguzo kwa miezi minane.

Ya saba ni ya ukurasa wa 61. Mchoro wa boti unaonyesha ngazi ya mpiga mbizi upande wa kushoto, na ngazi yetu iko kulia, iko kulia tangu enzi za baba. Nilimwambia mwandishi mwezi wa tatu. Nyota nne ninampa, ya tano naishika mkononi mpaka mchoro ugeuke. Amesema ataurekebisha Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.